MREJESHO: Kuvuka milima ya Bighorn na RV

Wakuu, niliuliza tutoke barabara kuu ya I-90 pale Wyoming, Marekani, kwenda hifadhi ya Yellowstone kwa barabara ipi, tukiwa na RV (gari kubwa lenye vitanda na jiko ndani) ya kukodi: US 14A, US 14 au US 16. Wengi mlisema 16, tukaifuata. Asanteni sana.

14A niliifuta mapema. Mteremko wa kuelekea Lovell unafika asilimia 10, na kuna njia za dharura za malori yaliyoishiwa breki. Na mama mkwe amekaa nyuma! Hapana.

16 inapandia mji wa Buffalo, kona zake pana, hadi sehemu yake ya juu kabisa, Powder River Pass, mita 2,946 hivi. Injini ilinguruma ila joto halikupanda. Kazi ilikuwa kushuka korongo la Ten Sleep. Kuna mkuu alinishauri nishushe gia kabla mteremko haujaanza, na ushauri wake ni dhahabu. Injini ilibeba uzito, breki nikawa nakanyaga kwa nguvu kidogo kisha naachia, bila kuikalia pedali. Waliowahi kushuka Kitonga nyuma ya lori wanaijua harufu ya breki zilizokaliwa. Magari yakijaa nyuma yangu niliingia pembeni, nikayapisha.

Tulivuka asubuhi, maana kiangazi mvua za radi hupenda kupiga huko mlimani mchana.

Sasa tuko mji wa Cody. Kesho tunaingia Yellowstone kwa lango la mashariki, kupitia Sylvan Pass. Aliyepita huko na gari refu aniambie kona zikoje.