Naomba ushauri: kokoto kwenye kona, niripoti wapi?
Wakuu habari zenu, mi ni boda hapa Arusha upande wa Moshono. Kuna kona watu walikata lami kupitisha bomba wakafukia kifusi tu, mvua imesomba udongo zimebaki kokoto zinateleza kama gololi, ukigusa breki ya mbele tairi linakimbia, gari linapita freshi ila sisi wa tairi mbili ndo tunaumia. Na matengenezo tunayalipia kila tukijaza mafuta, tozo ya Mfuko wa Barabara imo humohumo kwenye lita. Najua barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, za mitaani TARURA. Sasa nianzie kwa mwenyekiti wa mtaa au niende TARURA moja kwa moja na picha? Aliyewahi kufanikiwa anielekeze jamani, alfajiri tunapita hapo na wanafunzi na taa hakuna.