Mafaili ya biro yamefungwa, wanaomba dola. Tulipe?

Deklara_Kamalondo: Bandugu jambo yenu. Niko Lubumbashi, biro yetu inafanya kazi ya duane (forodha), makaratasi ya makamio yanayopita Kasumbalesa, mpaka na Zambia. Leo asubuhi nafungua odinatere (kompyuta), mafaili yote yamebadilika jina, faktira, deklarasio, hakuna hata moja inafunguka, na kuna ujumbe wa Kiingereza unasema tulipe kwa bitikoini, ile pesa ya mtandaoni, tukichelewa bei inapanda. Patroni anataka kulipa leo leo sababu madereva wako wanangoja mpakani. Munasema je?

Fundi_Katuba: Yaya, usilipe kwanza. Toa kamba ya rezo (mtandao) kwa mashini zote, zima wifi, hii kitu inatembea toka mashini moja mpaka ingine. Disike ya kopi usiichomeke hata kidogo, itafungwa nayo. Piga picha ya ule ujumbe, halafu kwa mashini ingine nzima ingia nomoreransom.org, polisi ya Uholanzi na Europol, polisi ya Umoja wa Ulaya, ndio waliianzisha 2016 pamoja na makampuni ya usalama, unatuma mafaili mawili yaliyofungwa wanakuambia kama funguo ya kuyafungua iko, na ni bure. Si zote ziko na funguo, lakini jaribu.

Mama_Transiti: Pole sana ndugu yangu. Mwezi wa saba 2021 virusi walipiga Transnet, kampuni ya serikali ya reli na bandari ya Afrika Kusini, kazi ya bandari ya Durban ikakwama, watu wakarudi kuandika kwa mkono, na shaba yetu nayo inapita kule. Inaniuma kabisa, mtu anabonyeza kitu huko mbali, anayelala barabarani ni dereva.

Ruashi243: Na kulipa hakuna garanti. Virusi ya NotPetya ya mwezi wa sita 2017, ile ilianzia Ukraine, iliomba dola 300 lakini mafaili hayakuwa na njia ya kurudi hata ulipe. Maersk, kampuni kubwa ya meli, walipakia upya mashini 45,000! Walichopona nacho ni serva (mashini mama) moja ya Ghana, umeme ulikuwa umekatika huko, basi virusi haikuifikia.

Deklara_Kamalondo: Asanteni sana. Kamba zote nimetoa. Patroni iko na disike kwake nyumbani, kazi ya mpaka mwezi jana iko ndani.

Fundi_Katuba: Hapo mumepona! Mafaili yaliyofungwa yaweke pembeni, funguo inaweza kutoka hata mwaka kesho. Halafu futa kila mashini, weka sistemu mpya na mizajuru (masasisho) zote, badilisha mapaswadi, ya imeli kwanza, ndiyo uchomeke disike. Faktira za mwezi huu omba wateja watume tena kwa WhatsApp.