Mji Mkongwe wa Zanzibar: mwenye nyumba aachiwe kutumia saruji?

Mkaazi wa Kiponda: Assalaam alaykum. Nyumba yetu ina ghorofa mbili na inavuja masika hadi masika. Fundi wa saruji ananiambia wiki mbili kamaliza. Wa chokaa anataka miezi, na pesa sina. Tangu mji uingie Urithi wa Dunia mwaka 2000 kila mtu anatusemea sisi wenye nyumba. Nipige saruji, au ningoje iniangukie?

Fundi Chokaa: Usipige, ndugu yangu. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua: unyevu na chumvi vinapanda kutoka chini, vinatokea nje. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani na ncha ya boriti iliyozama ukutani inaoza kwanza. Juzi Sokomuhogo nimechokoa boriti kwa bisibisi, imezama mpaka kwenye mpini. Kwa nje plasta inang'aa. Nyumba hizi zimeharibiwa na watu wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na wa mashamba, waliopewa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, hawakujua nyumba ya mawe inatunzwaje.

Binti wa Ng'ambo: Fundi, hilo la mwisho limeniuma. Bibi yangu alipewa chumba kimoja mtaa wa Malindi, humu Mji Mkongwe. Familia sita, choo kimoja. Kodi alilipa serikalini, na paa lilikuwa la mwenye nyumba kulitengeneza, si la mpangaji. Kila Idi ikikaribia alizipaka ngazi chokaa kwa mkono wake, mimi nimemshikia ndoo. Na jumba la Beit al Ajaib, walikaa watu gani wa Ng'ambo? Mbona imeporomoka Disemba 2020, tena ikiwa matengenezoni, na watu wakafa?

Shangani Juu: Beit al Ajaib ni jumba la Sultani Seyyid Barghash la 1883, lina nguzo za chuma. Usilichanganye na nyumba zetu za boriti za mikoko. Nijibu hili: milango ya nakshi imekwenda wapi? Waliokaa ndio waliouza.

Binti wa Ng'ambo: Na walionunua ni nani? Mwenye njaa auza mlango, mwenye hoteli autundika mapokezi, halafu lawama ya mwenye njaa!

Mzee wa Vuga: Watoto, punguzeni ukali. Mawe ya nyumba hizi yalibebwa vichwani na watumwa na vibarua, na wengi wao wakilala huko huko Ng'ambo. Anayesema hawazijui nyumba hizi afikiri nani aliyezisimamisha.

Fundi Chokaa: Nimesema hawakujua, sikusema wabaya. Babu yangu mwenyewe katoka Makunduchi, shamba, kafundishwa kazi hapa mjini. Wangefundishwa wale wapangaji, tusingefika hapa. Bi Ng'ambo, kwa bibi yako uniwie radhi.

Shangani Juu: Mimi siombi radhi. Mlango wa nyumba yetu ya zamani nimeuona kwa macho yangu kwenye hoteli, umekatwa miguu ili uingie.

Mkaazi wa Kiponda: Jamani, paa langu! Mifuko mitatu ya saruji ipo ukumbini. Fundi, niirudishe dukani?

Fundi Chokaa: Irudishe. Leo panda darini uangalie mfereji wa bati, mara nyingi umeziba majani na maji yanarudi ukutani. Hilo halina gharama. Kisha nitumie picha ya ncha za boriti.

Binti wa Ng'ambo: Shangani, mlango wa Malindi tuliuacha pale pale siku bibi anahama. Nenda kautazame.