Mahabharata na Ramayana: nikate wapi kwa ajili ya watoto?

Mwl_Darasa5: Wakuu, nina vipindi 4 vya dakika 30, watoto wa miaka 10 hadi 12. Nataka kuwasimulia tenzi mbili kuu za kale za Kihindi: Mahabharata ina beti kama 100,000, Ramayana kama 24,000. Nichague nini?

Kitabuni: Mkuu, Mahabharata usiianzie mwanzo. Inafunguka kwa nasaba na hadithi ndani ya hadithi. Watoto watachoka na majina kabla hawajaona tukio. Chukua kisa cha Savitri, kimo kitabu cha 3 kati ya 18. Majina matatu yanatosha: Savitri, mumewe Satyavan, na Yama, mungu wa mauti. Baba mkwe mwite tu mfalme kipofu aliyenyang'anywa ufalme.

Utamu uko kwenye maombi, usiyapange upya. Yama keshaitwaa roho ya Satyavan, Savitri anamfuata akinena maneno ya hekima, naye Yama anapendezwa: omba lolote, isipokuwa uhai wake. Anaomba macho ya mkwewe, kisha ufalme wa mkwewe, kisha baba yake mzazi apate wana 100, kisha yeye mwenyewe azae na Satyavan wana 100. Yama anakubali! Hapo nyamaza, waulize watoto: atazaaje na maiti? Ukiwahi kuwapa jibu, kisa kimekwisha.

Binti_Mrima: Kwenye Ramayana chukua kitabu cha 5, Sundara. Hanuman, shujaa nyani, anaruka bahari hadi kisiwa cha Lanka, anamkuta Sita, mke wa Rama aliyetekwa, bustanini, anampa pete ya Rama, naye Sita anampa kito cha kichwani kiwe ushahidi. Majitu ya Lanka yanamwasha mkia, anauchoma mji, anarudi. Vipindi viwili.

Ila shika simulizi moja. Mstari aliouchora chini Lakshmana, ndugu yake Rama, kumlinda Sita haumo kwa Valmiki, mtunzi wa Ramayana, ni wa masimulizi ya baadaye. Na Hanuman anaabudiwa, usimfanye kichekesho.

Kitabuni: Naunga mkono. Kipindi cha kwanza wape Panchatantra, mkusanyiko wa ngano za kale za Kihindi, kitabu cha 4: nyani na mamba. Wa pwani wataitambua mara moja, ndiyo kima na papa, na punda wa dobi yumo humo humo. Waache watafute tofauti: kule mti ni mzambarau, huku mkuyu, kule aliyemla punda moyo na masikio ni mbweha, huku sungura. Cha pili Savitri, vilivyobaki Hanuman.