Kikundi: Ukoo wa Kikuyu Kusini

Yona, 19:04: Wapendwa, muuzaji wa boti anataka jibu kesho saa nne asubuhi. Faiba, futi 16, mashine ya HP 40, trela humohumo. Nani tunaenda naye kukagua?

Yona, 19:31: Naona mmesoma wote.

Elia, 19:40: Kaka, HP 40 na watu wanne ndani haimwinui mtu mzima juu ya ski, zile mbao za kuteleza majini. Itavuta tyubu ya watoto tu. Kwa mtu mzima tafuta 70 hadi 90. Na bwawa la Mtera mnakotaka kuipeleka ni kama mita 700 kutoka usawa wa bahari, mashine ya kabureta inapungukiwa nguvu kidogo.

Yona, 19:42: Tyubu inatosha.

Pendo, 19:43: Mjomba Sila akipanda tyubu tutahitaji kivuko 😂

Rehema, 19:44: 😂😂😂

Elia, 19:50: Jamani, sikilizeni kwanza. Gonga ubao wa nyuma unaobeba mashine kwa mpini wa bisibisi, kote. Sauti ikiwa butu, mbao za ndani zimeoza hata kama faiba inang'aa. Kisha shika mguu wa mashine uutikise juu chini. Ubao ukipinda, ondokeni.

Elia, 19:53: Mkute mashine ya baridi. Ikiwa imeshapashwa moto, huenda ina shida ya kuwaka. Pimeni kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda; silinda zikitofautiana zaidi ya asilimia 10, kuna tatizo. Ikiwaka, maji ya kuipoza yatoke kwa nguvu kwenye kitundu cha pembeni. Yakidondoka tu, huenda impela inayosukuma maji hayo imekwisha. Ni kipande kidogo cha mpira, lakini kikipuuzwa mashine inaungua. Na msiiwashe kavu, bila maji, hata kidogo. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, sili inapitisha maji.

Yona, 19:58: Safi. Michango: Rehema, Mjomba Sila, Mama Pendo bado.

Rehema, 20:01: Nitatoa nikiona hesabu. Za pampu ya Kigwe sijaziona mpaka leo.

Yona, 20:02: Rehema, tunaongelea boti.

Rehema, 20:02: Ndiyo, boti. Itasajiliwa TASAC kwa jina la nani?

Shangazi Neema, 20:20: Simu ilikuwa chaji. Majaketi ya kuokolea yako mangapi?

Elia, 20:24: Shikamoo shangazi. Moja kila kichwa, la mtoto saizi yake; la mkubwa linamchopoka. Dereva ajifunge kamba ya kuzimia mashine, na mtu wa pili amtazame anayevutwa muda wote.

Baba Mkubwa, 20:41: Mtera kuna mamba na viboko. Mtoto wa ukoo huu havutwi na kamba pale. Tembeeni ndani ya boti, basi.

Yona, 21:15: Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia.

Elia, 21:18: Ni kweli. Na maji yakishuka kiangazi, visiki vinabaki chini kidogo tu ya uso. Chukueni propela ya kitovu cha mpira. Ikigonga, mpira unateleza na gia zinapona. Bebeni ya akiba.

Pendo, 21:20: Bwawa la Hombolo je?

Elia, 21:21: Kichocho.

Yona, 21:26: Basi Bagamoyo, Desemba.

Elia, 21:33: Bahari ina hesabu yake. Njiani simameni Gairo na Morogoro, gusa katikati ya kila gurudumu la trela. Likiunguza mkono, beringi ina shida. Mkifika msizamishe trela ikiwa ya moto. Chuma kikipoa ghafla kinavuta maji ya chumvi ndani. Jioni endesheni mashine kwa maji yasiyo na chumvi dakika 10. Kama ni ya kuchanganya oili, lita 25 za petroli ni nusu lita ya oili ya boti, siyo ya pikipiki.

Yona, 21:35: Kesho nani?

Sila, 23:48: Nilikuwa msibani. Kivuko cha nini?

Rehema, 06:12: Risiti.

Yona, 06:30: Natoka saa tatu. Elia, upo?

Mama Pendo, 08:57: Muulizeni kizibo cha chini cha kutolea maji kiko wapi.