Marekani na Urusi zijadiliane kuhusu nyuklia hata kama haziaminiani?

Juzi, katika kijiwe cha kahawa hapa Mtwara mjini, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema kwamba Marekani na Urusi hazina sababu ya kujadiliana kuhusu silaha za nyuklia maadamu haziaminiani, na wengi wakamuunga mkono. Mimi sikubaliani naye, na naomba tulijadili.

Mkulima wa korosho hapeleki gunia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwa kuwa anamwamini karani. Anasimama mbele ya mizani, anasoma kilo kwa macho yake, na haondoki bila stakabadhi. Mkataba wa New START kati ya Marekani na Urusi, uliotiwa saini Prague mwaka 2010, ulijengwa juu ya msingi huohuo: kila upande usizidishe vichwa 1,550 vya nyuklia vya masafa marefu vilivyowekwa tayari kwa matumizi, na wakaguzi wa kila upande waliruhusiwa kuingia katika kambi za mwenzake hadi mara 18 kwa mwaka. Ukaguzi ulisimama mwaka 2020 kwa sababu ya korona, Urusi ikasitisha ushiriki wake mwaka 2023 vita vya Ukraine vikiendelea, na tarehe 5 Februari 2026 mkataba ukafikia ukomo bila mwingine wa kuurithi. Mizani imeondolewa, na kila mmoja anakisia uzito wa gunia la mwenzake. Kukisia huko kunanitisha kuliko idadi yenyewe, kwa sababu mwenye hofu hujiandalia lililo baya zaidi.

Wapo wanaotaka China nayo iketi mezani. Ni sawa, ingawa naelewa inavyosita: ina vichwa takriban 600, ilhali wakubwa hao wawili wana karibu asilimia 90 ya vyote duniani.

Sisi yanatuhusu nini? Barabara inayotoka hapa kupitia Masasi na Tunduru inafika Namtumbo, kwenye urani ya Mto Mkuju, mradi ulio chini ya Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi. Sisemi kwamba urani hiyo ni ya mabomu. Ila sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Kongo, wakati Wakongo wako chini ya Ubelgiji na hawana sauti. Leo tunayo sauti: kifungu cha 6 cha mkataba wa mwaka 1968 wa kuzuia kuenea kwa silaha hizo, ambao Tanzania ni mwanachama wake, kinawataka wenye silaha wajadiliane kwa nia njema.

Basi nawauliza mnaopinga mazungumzo: mnapendekeza nini kishike nafasi ya ukaguzi?