Chumba cha Yona Nkuhungu, Dodoma

Mama Yona: Jamani leo nimetolewa nje na mtoto niliyemzaa. Daktari kauliza choo anapataje, sijafungua mdomo, Yona kasema, "Mama naomba utusubiri kwenye benchi."

Mjomba Fundi: 😂😂 Ana miaka 19, dada, na anahamia chumba chake mwenyewe.

Mama Yona: Cheka tu. Tangu adondoke kwenye ule mbuyu, usiku nani anaamka kumgeuza?

Shangazi Neema: Pole wifi. Lakini kuna mambo ya kiume hatayasema ukiwa umekaa pale. Kuumia uti wa mgongo hakumzuii mtu kuoa wala kupata mtoto. Hayo nayo utamuulizia wewe?

Yona: Shangaziiii 🙈

Yona: Shikamooni. Mama nisamehe. Ila mpira wa mkojo najiwekea mwenyewe tangu mwaka jana, kila baada ya masaa manne mpaka sita, simu inanikumbusha. Kwenye kiti cha magurudumu najiinua kila nusu saa, nisipate vidonda.

Mama Yona: Na makalio anakuangalia nani? Kile kidonda kilianza na wekundu kama wa kung'atwa na mbu. Tukalala hospitali miezi mitatu!

Yona: Kioo mama. Kile cha mpini mrefu.

Shangazi Neema: Asubuhi na jioni baba, usiruke hata siku moja.

Bibi: 🎤 0:52

Mjomba Fundi: Bibi anauliza ugali atasonga nani 😂

Yona: Mimi Bibi. Jiko nitaliweka kwenye meza fupi. Sufuria ya moto siipakati ng'o, mapaja yangu hayasikii, nitaungua bila kujua.

Mjomba Fundi: Chumba nimekipima. Mlango sm 68, kiti sm 64, vidole vitachubuka. Nautanua ufike 90. Kizingiti kina sm 15, kwa hiyo mteremko wa kupandishia kiti uwe na urefu wa mita 1.8. Mwenye nyumba anataka mita moja, eti pikipiki yake ikae wapi! Akipandishe yeye hicho kiti tuone. Tatizo choo, cha kuchuchumaa.

Shangazi Neema: Na mtaji wa ufundi simu? Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 2 ni za wenye ulemavu, haina riba. Yona, kwa afisa maendeleo ya jamii uende mwenyewe.

Yona: Jumatatu.

Mjomba Fundi: Dada mbona kimya?

Mama Yona: Choo cha kukaa nanunua mimi, hela ya zabibu ipo. Ila funguo moja nabaki nayo.

Yona: Sawa mama. Lakini upige hodi.